Kujumlisha sehemu

Kujumlisha sehemu ni tendo la hisabati la kutafuta jumla ya sehemu mbili au zaidi. Asili zikitofautiana, hutafutwa kwanza kigawe kidogo cha shirika (KDS): 1/2 + 1/3 = 3/6 + 2/6 = 5/6. Kosa la kawaida ni kujumlisha pia asili na kupata 2/5, jibu lililo dogo kuliko nusu yenyewe.

Katika shule za msingi za serikali mkoani Tanga, kama kwingineko Tanzania Bara, somo hili hufundishwa kwa Kiswahili. Sekondari na shule za mchepuo wa Kiingereza hutumia Kiingereza. Hapo majina huwakwamisha wanafunzi. Kiswahili hutenganisha "theluthi" na "ya tatu", ilhali Kiingereza hutumia neno moja, third, kwa yote mawili. Kukunja karatasi vipande sita huonyesha maana kabla ya majina.