Morogoro Vijijini na Mpangilio wa Takwimu

Historia ya kompyuta katika ofisi za umma huandikwa kama historia ya mashine: ilifika lini, nani aliifadhili. Wilaya ya Morogoro Vijijini nchini Tanzania, yenye miteremko ya milima ya Uluguru na tambarare zilizo chini yake, inatutaka tutazame jambo jingine ambalo wengi hulidharau, nalo ni namna takwimu zinavyopangwa mbele ya macho ya anayezisoma. Ninashikilia kwamba katika miaka ya 1990 mpangilio huo ulibadili bajeti ya afya ya wilaya hiyo, kwa hiyo si pambo la kuachiwa fundi peke yake.

Mwaka 1992 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne cha Uingereza, ilianza mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba, na penye msiba waliwahoji wafiwa juu ya dalili za marehemu, maana watu wengi walifia nyumbani na rejesta za hospitali hazikuwahesabu. Majibu yakaingizwa kwenye kompyuta. Kompyuta za DOS za zama zile zilionyesha mistari 25 tu, kila mmoja herufi 80, na dodoso la kurasa kadhaa halienei hapo. Lazima likatwe vipande, na jicho la karani lihame kutoka karatasi hadi kioo bila kupotea njia. Windows iliposhika nafasi, tatizo lilibadili sura tu. Fomu iliyochorwa kwenye kioo cha nukta 800 kwa 600 ilipofunguliwa kwenye kioo cha 640 kwa 480, ukingo wake ulikatika, na kisanduku cha chini kikaonekana kama hakipo. Fundi mwenye uzoefu hakimbilii kuingiza data upya. Hufungua kwanza jedwali lenyewe: jibu likiwa limo humo, data ni nzima na kasoro iko kwenye fomu. Kisha hukagua hoja (query) inayoilisha fomu, halafu vipimo vya visanduku na ukubwa wa kioo.

Utaratibu huohuo wa uchunguzi, kwa maoni yangu, ndio uliofanyika kwa wilaya nzima. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 mradi wa huduma muhimu za afya uitwao TEHIP, wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada, ulifanya kazi Morogoro Vijijini na Rufiji. Takwimu za vifo zilikuwemo kwenye kanzidata, lakini orodha ndefu ya majina ya magonjwa haikumwambia mganga mkuu wa wilaya anunue nini. Wataalamu wa mradi, Dk. Harun Kasale akiwa miongoni mwao, walizipanga upya. Badala ya kuorodhesha ugonjwa mmoja mmoja, walikusanya miaka ya maisha iliyopotea kwa kufuata huduma inayoweza kuiokoa, wakaichora kwa nguzo za grafu, na matumizi ya fedha yakachorwa vivyo hivyo. Tofauti ikajitokeza bila mhasibu kuifafanua: malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea Morogoro, lakini bajeti ya mwaka 1996 iliitengea asilimia 5 tu. Kundi la magonjwa ya watoto, yaani nimonia, kuhara, surua, utapiamlo na malaria yao, lilibeba asilimia 28 ya mzigo na kupata asilimia 13 ya fedha. Timu ya afya ya wilaya ikahamishia nguvu kwenye vyandarua vyenye dawa na kwenye matibabu ya watoto yanayotazama magonjwa hayo kwa pamoja. Katika miaka michache iliyofuata vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Atakayepinga atasema ni fedha zilizookoa watoto, wala si grafu. Fedha za nyongeza zilikuwepo kweli. Mradi uliahidi hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, juu ya takriban dola 8 zilizokuwa zikitumika tayari, lakini wilaya ziliweza kutumia kama senti 80 tu. Kiasi hicho kidogo kilileta tija kwa sababu kilipelekwa panapostahili. Ni kweli pia kwamba waliotibu ni wauguzi na waganga, na kwamba chandarua hufanya kazi hata kwa asiyewahi kuona nguzo ya grafu. Hata hivyo uamuzi wa kukinunua ulihitaji mtu auone mzigo wa malaria, na orodha ya zamani ilikuwa imeuficha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Nguzo moja ya malaria kwa wilaya nzima ilichanganya tambarare zenye joto na vijiji vya juu vya Uluguru kama vya Mgeta, penye baridi na mbu wachache. Mpangilio unaofichua jambo moja huweza kufunika jingine. Dawa yake ni kuzigawa nguzo kwa tarafa na kata. Kurudi kwenye orodha hakutamsaidia mkazi wa Mgeta, maana ndani yake hakuonekana kabisa.

Somo hilo linahusu leo pia. Mwaka 2002 wilaya ya Mvomero ilikatwa kutoka Morogoro Vijijini, na tangu 2013 takwimu za MTUHA, yaani taarifa za huduma za afya, za nchi nzima huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2. Halmashauri zote mbili zina wajibu wa kuzifungua fomu za mfumo huo kwenye kioo kidogo kuliko vyote vilivyomo katika vituo vyao, na kuhakikisha kila kisanduku kinaonekana kabla ya kumlaumu karani kwa data pungufu.