Sauti Iliyotoka Addis Ababa: Kumbukumbu za Mafundi na Wapenzi wa Redio

Utangulizi

Tunapoadhimisha Jubilei ya miaka mia moja ya usharika wetu, mambo yanayokumbukwa kwa urahisi ni yale yanayoonekana kwa macho: jengo la kanisa, kengele, shule na zahanati. Sura hii fupi inahusu huduma ambayo haikuacha jengo lolote katika kiwanja chetu, yaani redio, pamoja na watu walioipenda, wakajifunza ufundi wake, na wengine wakaitumikia mbali na nchi zao. Waliosalia miongoni mwao ni wachache, nao ni wazee. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Askari wa simu za upepo

Kwa baadhi ya familia zetu, redio haikuanza sebuleni bali vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vijana wengi wa Tanganyika waliandikishwa katika vikosi vya Afrika Mashariki. Mwaka 1941 vikosi hivyo vilishiriki kuwaondoa Waitaliano nchini Ethiopia. Mji wa Addis Ababa ulitekwa mwezi Aprili, na Mfalme Haile Selassie akarejea humo tarehe 5 Mei. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika Bonde la Kabaw huko Burma, katika matope na mvua kubwa za msimu.

Jeshi lilihitaji watu wa kupeleka habari, hivyo baadhi ya askari walifundishwa kazi ya simu za upepo. Walijifunza kutuma na kupokea alama za Mosi, kufunga antena juu ya miti, na kuzikinga betri zisilowe. Wazee wetu waliorudi salama hawakupenda kusimulia habari za mapigano, lakini juu ya mitambo walisimulia kwa furaha. Walieleza jinsi sauti ya mwenzao aliye ng'ambo ya mto ilivyosikika katika visikilizio kana kwamba amekaa kando yao. Hapakuwa na mtu aliyejua wakati huo kwamba mji ule wa Addis Ababa ungekuja siku moja kusema nasi nyumbani kwetu, kwa Kiswahili.

Redio za vali na betri kubwa

Baada ya vita redio ilikuwa bado mali ya wachache. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Redio za wakati ule zilitumia vali za kioo, ambazo zilipaswa kupata moto kwanza ndipo sauti itoke. Palipokuwa hapana umeme zilihitajika betri za namna mbili: moja ya kupasha nyuzi ndani ya vali, na nyingine yenye nguvu kubwa, mara nyingi volti 90. Betri hizo zilikuwa nzito na za gharama, kwa hiyo mwenye redio aliifungua kwa taarifa ya habari, kisha akaifunga.

Mabadiliko yaliletwa na transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947. Katika miaka ya 1960 redio ndogo za transista zilienea vijijini, zikitumia betri za kawaida za tochi. Betri zikichoka, watoto walitumwa kuzianika juani ili zipate nguvu kidogo zifikishe kipindi cha jioni. Kijana aliyejua kulehemu waya uliokatika alipata heshima katika kijiji kizima.

Redio Sauti ya Injili

Ndipo ikaja sauti ambayo sharika zetu ziliihesabu kuwa yao. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipata kibali cha Serikali ya Ethiopia mwaka 1959, nalo likajenga kituo kikubwa karibu na Addis Ababa. Tarehe 26 Februari 1963 Mfalme Haile Selassie alikifungua rasmi. Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza alikuwa Sigurd Aske wa Norway. Katika mwaka huohuo, tarehe 19 Juni, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana na kuwa kanisa moja, ambalo leo ni KKKT.

Kituo kilikuwa na mitambo miwili ya masafa mafupi, kila mmoja wenye nguvu ya kilowati 100. Kutoka Addis Ababa hadi Moshi ni kilometa zipatazo 1,400. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi tabaka la juu la anga, kisha hurudishwa chini mbali sana na yalikotoka. Ndiyo maana kituo cha mbali kiliweza kusikika vema kijijini kwetu.

Jambo lenye hekima zaidi lilikuwa mgawanyo wa kazi. Mitambo ya kurushia matangazo ilikuwa Ethiopia, lakini vipindi vingi vilitayarishwa katika studio za makanisa yenyewe. Kwa upande wetu studio hiyo ilikuwa Moshi. Wahubiri, walimu, wauguzi na kwaya walirekodiwa katika kanda, na kanda hizo zikapelekwa Addis Ababa. Kwa kuwa kanda ilipaswa kusafiri kwanza, mahubiri ya Krismasi yalihitaji kurekodiwa mapema, kabla nyumba zetu hazijaanza maandalizi ya sikukuu. Mahubiri na ibada zilichukua takriban asilimia 30 tu ya matangazo. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa habari, elimu, afya, kilimo na muziki.

Mafundi kutoka Ulaya na Marekani waliacha nyumba zao wakaja kufundisha. Vijana wa Kiafrika walijifunza kukata kanda kwa wembe na kuiunga bila neno kupotea, kusafisha vichwa vya kinasa sauti kutokana na vumbi letu, na kupima saketi hadi kuipata vali iliyokufa.

Mwandishi wa sura hii alikuwa miongoni mwa vijana waliosikiliza. Tulitundika waya kutoka dirishani hadi kwenye mparachichi, kisha tukaandika barua kwa kituo tukitaja tarehe, saa, masafa na jinsi tulivyosikia. Jibu lilipofika, likiwa kadi ya uthibitisho yenye stempu ya Ethiopia, lilipitishwa mkono kwa mkono baada ya ibada.

Jumamosi ya Machi 1977

Mwaka 1974 Mfalme aliondolewa na jeshi likatwaa madaraka. Jumamosi tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ilikitaifisha kituo, nacho kikapewa jina la Sauti ya Ethiopia ya Mapinduzi. Kazi ya miaka kumi na minne ilikoma kwa siku moja. Jioni tulizungusha kisahani cha redio kwenda na kurudi, tukidhani betri zimeisha. Kipindi tulichokizoea hakikuja.

Hata hivyo, kilichotwaliwa ni mitambo. Studio ya Moshi haikutwaliwa, wala ujuzi wa watu waliofundishwa haukutwaliwa. Miezi mitatu baadaye, Juni 1977, Fungamano lilifanya Mkutano wake Mkuu Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira akachaguliwa kuwa Rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Na sheria ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo vya watu binafsi na mashirika nchini Tanzania, jina la Sauti ya Injili lilisikika tena, safari hii likitangaza kutoka Moshi kwenyewe. Laiti studio na wataalamu wote wangewekwa mahali pamoja, tusingekuwa na pa kuanzia.

Hitimisho

Yapo tuliyopoteza kwa mikono yetu wenyewe. Tulipofungua kabati la ofisi ya usharika kutafuta kanda ya kwaya yetu ya zamani, tuliikuta imeota ukungu na kushikamana. Sauti za watu waliozikwa katika makaburi yetu zilikuwa humo, nasi hatukuwahi kuzihamisha. Hakuna serikali iliyotunyang'anya hizo.

Kwa hiyo tunawaomba Washarika, na wageni wetu kutoka Dayosisi: mwenye kanda, kadi ya uthibitisho, daftari la fundi au picha ya askari wa simu za upepo, ailete ofisini ili nakala itengenezwe na mali yake arudishiwe. Na mwenye baba au babu aliyeifanya kazi hiyo, akae naye jioni moja, amwulize, naye ayaandike majibu.