Mwanafunzi Mwenza kama Msomaji: Kujifunza Kiingereza Japani, kutoka Edo ya 1859 hadi Kwenye Intaneti

Historia ya ufundishaji wa lugha za kigeni imeandikwa aghalabu kama historia ya walimu, mbinu zao na vitabu vyao vya kiada. Mwanafunzi hutokea humo kama mpokeaji. Mwanafunzi mwenzake hatokei kabisa, au akitokea huwa ni kelele za nyuma ya darasa. Makala haya yanakusudia kumwangalia huyo mwenzake. Tumechagua mfano wa Japani, nchi ambayo haikuletewa Kiingereza na serikali ya kikoloni, na ambako kwa hiyo lugha hiyo yaweza kuchunguzwa kama lugha ya kigeni hasa. Hoja yetu ni kwamba mwanafunzi mwenza ana kazi ambayo mwalimu hawezi kuifanya, nayo ni kazi ya kuwa msomaji. Tarakilishi hazikumzua msomaji huyo. Zilimwongezea anwani tu.

Tuanze na Fukuzawa Yukichi. Alipowasili Edo mwaka 1858 alikuwa msomi wa Kiholanzi, lugha pekee ya Ulaya iliyokuwa na wataalamu Japani kwa zaidi ya karne mbili, kwa sababu ya kituo cha biashara cha Waholanzi kule Nagasaki. Mwaka 1859 bandari ya Yokohama ikafunguliwa kwa wageni, naye akaenda kuitazama. Katika tawasifu yake anasimulia jinsi alivyoshindwa kusoma hata vibao vya maduka. Lugha aliyoitolea jasho kwa miaka haikumfaa kitu. Wageni wale walitumia Kiingereza. Alirudi Edo akiwa amevunjika moyo, lakini hakukaa sana kabla ya kuamua kuanza upya.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Kwanza alimwendea Moriyama Takichiro, mkalimani wa serikali aliyekuwa na ujuzi wa Kiingereza. Moriyama alikuwa na shughuli nyingi za kidiplomasia hivi kwamba miezi ikapita Fukuzawa akienda na kurudi, mara nyingi asipate funzo lolote. Akajaribu taasisi ya serikali ya kuchunguza maandishi ya kigeni, akakuta kamusi zake haziruhusiwi kutolewa nje. Hatimaye watawala wa jimbo lake la Nakatsu walimnunulia kamusi ya Kiholanzi na Kiingereza. Sasa alikuwa na kamusi lakini hana mwalimu. Alichokitafuta baada ya hapo hakikuwa mwalimu mwingine, bali mtu wa kujifunza naye. Murata Zoroku, ambaye baadaye angejulikana kama Omura Masujiro, mwasisi wa jeshi jipya la Japani, alimkatalia katakata: vitabu vyote vya maana vitatafsiriwa kwa Kiholanzi, ya nini kujisumbua? Harada Keisaku ndiye aliyekubali.

Kwa nini Fukuzawa alihitaji mwenza, na kamusi anayo? Jibu limo katika shule aliyotoka. Katika shule ya Ogata Koan mjini Osaka, mwalimu alikuwepo, lakini uti wa mgongo wa masomo ulikuwa vikao vya kusoma pamoja. Kila mwanafunzi aliandaa kifungu chake peke yake, akigombea na wenzake kamusi moja ya mkono iliyokuwa na chumba chake maalumu, kisha alikifasiri mbele ya wenzake, na aliyekwama alimwachia anayefuata. Alama zilitolewa hapo hapo. Utamaduni huu wa kusoma kwa kikao ulikuwa umeshamiri katika shule za Japani za zama hizo, katika usomaji wa vitabu vya Kichina kabla ya vile vya Kiholanzi. Mtu aliyelelewa humo hawezi kuamini kwamba ameelewa sentensi mpaka amsikie mwenzake akiipinga.

Matamshi yalikuwa jambo jingine. Wawili hao wangeweza kuifasiri sentensi ya Kiingereza kwa kupitia Kiholanzi, na Fukuzawa aligundua kwa furaha kwamba jasho lake la awali halikupotea. Lakini kamusi haina sauti. Basi wakawatafuta watu waliowahi kuokolewa na meli za kigeni baada ya vyombo vyao kuzama, wavuvi wasio na elimu ya vitabu, wakawauliza maneno haya hutamkwaje. Hapa msomi anakaa chini ya mvuvi. Mwaka uliofuata, 1860, Fukuzawa alisafiri hadi San Francisco kwa meli ya Kanrin Maru, akarudi na kamusi ya Webster na kitabu cha mazungumzo cha Kiingereza na Kichina, ambacho alikichapisha kwa kukiongezea Kijapani. Kijapani hakina konsonanti ya v. Ili kuionyesha, aliitwaa herufi ya irabu u akaitia vistari viwili vinavyotumika kuashiria ughuna, na herufi hiyo imebakia katika maandishi ya Kijapani hadi leo. Ni alama iliyoundwa na mwanafunzi kwa ajili ya mwanafunzi mwingine. Mwingereza hakuihitaji.

Baada ya mapinduzi ya Meiji ya 1868 mambo yalibadilika upesi, nasi hatuna haja ya kuyarefusha. Walimu wa kigeni waliajiriwa, shule za serikali zikaenea, na polepole Kiingereza kikawa somo la mtihani wa kujiunga na shule za juu na vyuo. Mbinu iliyotawala ilikuwa kutafsiri neno kwa neno na kuchambua sarufi. Mwanafunzi aliandika Kiingereza kwa ajili ya mtu mmoja, mtahini, ambaye tayari alijua kilichotakiwa kusemwa. Kwa istilahi za uhakiki, matini ile ilikuwa na mpimaji lakini haikuwa na msomaji.

Mwaka 1994 pengo hilo lilishughulikiwa kwa njia mbili, takriban kwa wakati mmoja. Thomas Robb wa Chuo Kikuu cha Kyoto Sangyo na Lloyd Holliday wa Chuo Kikuu cha La Trobe, Australia, walianzisha orodha za barua pepe kwa ajili ya wanafunzi wa Kiingereza wa nchi mbalimbali. Orodha ziligawanywa kwa mada, kama vile muziki, filamu na michezo. Mwaka huo huo, Marekani, kilifunguliwa schMOOze University, chuo cha kubuni kilichojengwa kwa maneno matupu: mwanafunzi alichapa amri, akasomewa maelezo ya chumba alichoingia, akazungumza kwa maandishi na yeyote aliyemkuta humo. Hapakuwa na picha. Hata mlango ulikuwa sentensi, na asiyeielewa sentensi hiyo hakuingia.

Mhakiki wa fasihi atatambua tanzu mbili za kale zilizofufuka hapo: barua na majibizano. Mwanafunzi wa Kyoto aliyemwandikia mwenzake wa nchi ya mbali kuhusu filamu hakuwa na lugha nyingine ya kumfikia. Kiingereza kilikuwa cha kigeni kwao wote wawili. Akikosea nyakati za vitenzi, mwenzake hakumrudishia barua ikiwa imejaa wino mwekundu. Alimjibu, au alimwambia kwamba hakumwelewa. Majibu yote mawili ni ya msomaji. Alan Firth, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996 kuhusu mazungumzo ya simu ya wafanyabiashara waliotumia Kiingereza kisicho cha mama kwa yeyote kati yao, alionyesha kwamba wazungumzaji hao huliacha neno lisiloeleweka lipite, wakitarajia kwamba maana itajifunua mbele. Ustahimilivu huu si uzembe. Ndio ule ule tunaoutumia tunaposoma shairi gumu.

Kwetu sisi wa Kiswahili jambo hili halina ugeni. Lugha hii ilipopanda bara kwa misafara ya karne ya kumi na tisa, ilisemwa kwa sehemu kubwa na watu ambao haikuwa lugha ya mama zao, wakirekebishana njiani kwa kiasi cha haja ya safari. Usanifishaji kwa misingi ya Kiunguja, uliosimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930, ulikuja baadaye. Lakini kuhusu Kiingereza, Kenya ilifuata njia nyingine kabisa, na hapa ulinganisho unauma. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), ameeleza kuhusu kile kibao kilichopokezwa mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani, naye akampokeza mwingine aliyenaswa kwa kosa hilo hilo, hadi jioni wote wajulikane. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi baada ya uhuru tulikijua kibao hicho, chochote kilichoitwa. Tazama alivyogeuzwa mwanafunzi mwenza! Harada Keisaku alikuwa sikio la kusaidia kuelewa. Mtoto wa Kenya alifanywa sikio la kupeleleza. Lugha iliyofunzwa ni ile ile. Kilichotofautiana ni kazi aliyopewa mwenzake, na yamkini woga wa kukosea unaoonekana bado katika insha za wanafunzi wetu wa chuo kikuu una mzizi hapo kuliko katika sarufi yenyewe.

Tusipambe, hata hivyo. Wanafunzi wawili wasiojua wanaweza kuthibitishiana ujinga, na Fukuzawa mwenyewe hakutosheka na Harada, aliwahitaji wavuvi. Haja hiyo ya wavuvi ndiyo iliyojibiwa na mtandao wa Lang-8, ulioanzishwa Japani mwaka 2007. Utaratibu wake ulikuwa wa kubadilishana: Mjapani aliandika shajara kwa Kiingereza ikasahihishwa na mzawa wa Kiingereza, naye akamsahihishia mwingine Kijapani chake. Kila mmoja alikuwa mwalimu katika ukurasa mmoja na mwanafunzi katika mwingine. Ni mpango wa haki kuliko darasa lolote tunalolijua, ingawa haki yake ina mpaka: anayefaidi ni yule ambaye lugha yake inatakiwa na wengine.

Lakini wino mwekundu ulirudi. Shajara, utanzu wa siri kuliko zote, ikawa zoezi. Mtu aliandika kwamba bibi yake amefariki, akapata sahihisho la kihusishi. Wapo waliosahihisha kisha wakaongeza maneno mawili matatu ya pole chini ya sentensi, na hao ndio waliosoma. Mwaka 2017 mtandao huo uliacha kupokea wanachama wapya. Kabla ya hapo, watafiti wa Japani walikuwa wamekusanya maandishi yake kwa wingi mno, na mkusanyiko huo ukatumiwa sana kufunzia programu za kusahihisha sarufi. Programu za aina hiyo huhitaji jozi: sentensi ya mwanafunzi na sahihisho lake. Maoni ambayo wasahihishaji waliyaandika katikati ya masahihisho yao hayakuwa na jozi, na yalipogunduliwa yalichujwa kama takataka.