Mwezi Unaopungua: Asili ya Neno "Honeymoon"

Aghalabu husimuliwa kwamba neno la Kiingereza "honeymoon" lilitokana na desturi ya kale ya kuwapa maarusi pombe ya asali wainywe mwezi mzima. Hadithi ni tamu, ila maandishi ya awali yenye neno hilo hayaitaji pombe hiyo, wala safari ya maarusi, maana ambayo ilizuka baadaye sana.

John Heywood alilitumia katika kitabu chake cha methali cha 1546. Mwaka 1552 Richard Huloet, katika kamusi yake ya Kiingereza na Kilatini, alilifasili kuwa ni msemo wa watu wa kawaida kuhusu waliooana karibuni, ambao hupendana mno mwanzoni na ambao mapenzi yao yaelekea kupoa. Thomas Blount, katika kamusi ya 1656, akaondoa shaka kwa kuulinganisha utamu huo na kugeukageuka kwa mwezi. Mwezi uliokusudiwa, basi, ni ule wa angani, ambao ukishatimia hauna budi kupungua. Neno lilikuwa kejeli kabla ya kuwa pongezi.

Kufikia kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, sitiari ilikwisha kugeuka kalenda: mwezi wa kwanza wa ndoa, wenye mahaba na raha tupu. Ajabu ni kwamba Mfaransa Voltaire, katika Zadig (1747), aliuhifadhi uchungu wake: baada ya mwezi wa asali alitaja mwezi wa pakanga.

Kwa Kiswahili tatizo ni kubwa zaidi. Kiingereza kina "moon" na "month". Kiswahili kina "mwezi" tu kwa yote mawili, hivyo anayetafsiri "mwezi wa asali" humpa msomaji siku thelathini. "Fungate" nalo, neno zuri lenye historia yake, ni jina la kale la saba, lililosukumwa kando na "saba" ya Kiarabu. Kigiriama bado kina "fungahe". Fungate huhesabu siku. Haliashirii kupungua kwa chochote. Katika tangazo la hoteli halina dosari. Lakini katika tamthilia ya Kiingereza ya karne ya 17, mhusika anapowabeza waliooana jana kwa neno hili, msomaji wa Kiswahili huambiwa habari za mapumziko pale ambapo hadhira ya London ilisikia onyo.