Kuwasilisha au Kuonyesha? Kazi ya CD1b kwa Kiswahili

Jina CD1B halisemi lolote kuhusu mafuta. Ni jina la jeni iliyoko kwenye kromosomu namba 1 ya binadamu. Protini inayotokana nayo, ambayo huandikwa CD1b kwa herufi ndogo mwishoni ili isichanganywe na jeni, huzionyesha seli T za mfumo wa kinga lipidi za vijidudu, zikiwemo za bakteria wa kifua kikuu.

Jina hilo lina asili yake Paris, mwaka 1982. Kabla ya hapo kila maabara ilikuwa na kingamwili zake na majina yake. César Milstein na wenzake nchini Uingereza walikuwa wametangaza ya kwao mwaka 1979 kwa jina NA1/34. Kwingineko watu walisema T6 au Leu-6. Kumbe zote zilikuwa zikinasa kitu kimoja juu ya seli changa za tezi ya thaimasi, ile iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Mkutano wa Paris ulizipanga kingamwili kwa makundi kulingana na kile zinachonasa, kila kundi likapewa namba. CD ni ufupisho wa maneno yanayomaanisha kundi la upambanukaji, na kundi hili likawa la kwanza. Jina lilitangulia, kazi ikajulikana baadaye: mwaka 1994, kundi la Michael Brenner huko Boston lilionyesha kwamba CD1b hubeba asidi ya mikoli, lipidi ya ukuta wa bakteria wa kifua kikuu. Hadi wakati huo wanafunzi walifundishwa kwamba seli T hutambua vipande vya protini tu.

Kwa nini tuseme lipidi ilhali mafuta tunayo? Kwa sababu Kiswahili ni tajiri mno hapa. Mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa na ya gari. Shahamu ni ya mnyama, nta ni ya nyuki. Lipidi inakuwa mwavuli wa mafuta, shahamu na nta kwa pamoja, bila petroli kuingia. Hata hivyo, anayeeleza kifua kikuu asilitupe neno nta. Mtaalamu wa maabara akipaka makohozi kwenye kioo, huyatia rangi nyekundu, huyapasha moto, kisha huyaosha kwa asidi na kuweka rangi ya buluu. Kila kitu hupoteza wekundu isipokuwa bakteria wa kifua kikuu: vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Kinachoshikilia wekundu ule ni ukuta wao wenye nta, na asidi ya mikoli ni sehemu kubwa ya nta hiyo.

Linalonisumbua zaidi ni kitenzi. Neno linalotujia haraka kwa kazi ya CD1b ni kuwasilisha, na tunapata “uwasilishaji wa antijeni”, yaani wa kile ambacho kinga hukitambua. Ni neno zuri la bungeni na ofisini. Lakini kinachowasilishwa hufika kwa mwingine: barua huwasilishwa kwa katibu, ikabaki kwake. CD1b haiachii kitu. Asidi ya mikoli ina minyororo mirefu, kaboni 60 hadi 90 kwa jumla, na minyororo hiyo haipatani na maji. Ndani ya CD1b mna njia nne zinazoungana, na minyororo hiyo hujificha humo. Kinachobaki nje ni kichwa kidogo. Katika lipidi mojawapo ya jamii ya asidi hiyo, kichwa ni sukari ya glukosi. Seli T hukikagua kichwa hicho, nayo lipidi inabaki palepale, kama leseni ambayo dereva anamwonyesha askari bila kuitoa mkononi.

Sarufi yetu imeshalitatua hili. Tunawasilisha kitu kwa mtu, na kitu kinahama. Tunamwonyesha mtu kitu, na kitu kinabaki kwa mwonyeshaji. Anayeonyeshwa anafanya kazi ya kuona. Kitenzi hiki kina nafasi tatu, na zote tatu zimo kwenye seli: CD1b, lipidi na seli T. Mwanafunzi akisoma “CD1b huionyesha seli T lipidi”, atauliza mwenyewe: inaona sehemu gani? Swali hilo ndilo lililowapeleka watafiti kwenye kile kichwa cha sukari.

Manufaa ya kitenzi hiki yanaonekana zaidi tukifika kwa CD1e, ndugu wa familia hiyohiyo. Hii haitokezi kwenye uso wa seli kufanya kazi. Hukaa ndani, ikisaidia kuziandaa baadhi ya lipidi ili CD1b izibebe. Mmoja anaandaa, mwingine anaonyesha. Tukiwapa wote kuwasilisha, tofauti yao inazama. Kwa hiyo naandika uonyeshaji wa lipidi, na nawasihi walimu na wahariri wa vitabu vya biolojia wafanye hivyo pia, kwa kuwa kitenzi sahihi kinamfundisha msomaji jinsi molekuli inavyofanya kazi kabla hajaona mchoro wake.