UZI: "Kila mtoto na uwezo wake" ilitoka wapi?

1/ Mjadala wa CBC ukianza, lazima mtu aseme: watoto si sawa, kila mmoja afundishwe kulingana na uwezo wake. Watu wanapiga makofi. Lakini hapa Kenya kauli hiyo ina historia, na si yote tamu. Twende polepole.

2/ 1909. Ripoti ya Fraser inashauri serikali ya kikoloni itenge elimu tatu: ya Wazungu, ya Wahindi, ya Waafrika. Mwafrika afundishwe kazi za mikono. Hoja? Ati hiyo ndiyo inamfaa.

3/ 1924. Tume ya Phelps-Stokes inazuru Afrika Mashariki. Nayo inasifu elimu iliyorekebishwa kwa ajili ya Mwafrika: kilimo, afya, ufundi. Mwaka uliofuata Jeanes School inafunguliwa Kabete, kuandaa walimu wa mtindo huo.

4/ Sasa kumbuka Nairobi ya ukoloni. Wazungu magharibi, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika huku kwetu Eastlands: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni. Hakuna mtoto aliyepimwa uwezo. Rangi na mtaa vilishaamua atasoma nini.

5/ Wazazi waliona mchezo mapema. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Wakikuyu walianzisha shule zao huru. 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Walitaka watoto wao wasome kama wengine, Kiingereza pia. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ikazifunga.

6/ Ndiyo maana 1964 Tume ya Ominde ikataka mfumo mmoja usiobagua rangi. Silabasi moja, mtihani mmoja. Ilikuwa dawa ya ubaguzi, na ilihitajika. Shida ni kwamba mtoto asiyesikia vizuri, au anayechelewa kusoma, alipewa somo lile lile kwa mwendo ule ule.

7/ 1985 ikaja 8-4-4 na masomo ya vitendo: useremala, sayansi kimu. Karakana? Wazazi wajenge. Penye pesa zilijengwa. Baadaye mengi ya masomo hayo yakapunguzwa.

8/ 2003, elimu ya msingi bila malipo. Watoto zaidi ya milioni 1 wakaingia shule. Ushindi mkubwa. Lakini mitaani mwalimu mmoja akajikuta na watoto 80 na zaidi. Piga hesabu: kipindi cha dakika 35, watoto 80. Kila mtoto anapata sekunde 26. Utamjuaje kwa sekunde 26?

9/ CBC ilianza nchi nzima 2019. Ukifika Gredi ya 10 kuna njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Kwa karatasi, poa sana. Lakini mtoto wa Dandora ambaye hajawahi kushika hadubini akiambiwa sayansi si kipaji chake, tumempima yeye ama tumepima shule yake?

10/ Kwa hivyo tusibishane kama watoto ni tofauti. Ni tofauti. Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na lazima (Kifungu cha 53), na mwenye ulemavu haki ya shule na vifaa vinavyomfaa (Kifungu cha 54). Mgombea akirudia ile kauli mtaani kwako, muulize:

Darasa litakuwa na watoto wangapi?
Nani anaamua njia ya mtoto?
Na akitaka kubadilisha, mlango uko wazi?

Akikosa majibu, jua hiyo ni 1909 imevaa nguo mpya.