Kombeo: Silaha Iliyotegemea Ugwe



Leo tunazungumzia silaha ambayo wengi wetu tuliisikia kwanza katika kisa cha Daudi na Goliathi, au Daudi na Jaluti kama wanavyomwita wengine. Silaha hiyo ni kombeo. Tusilichanganye na manati, yenye panda ya mti na mpira. Kombeo halina mpira. Ni nyugwe mbili na kifuko cha jiwe katikati. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinaeleza kwamba Daudi aliokota mawe laini matano kijitoni, lakini hakisemi kombeo lake lilitengenezwa kwa kitu gani. Swali hilo si dogo, kwani jiwe hupatikana popote, ila ugwe mbaya humsaliti mwenyewe.

Kwa nini humsaliti? Ncha moja ya kombeo hufungwa kidoleni, na ya pili hushikwa tu. Mpigaji huzungusha, kisha huiachia ncha ya pili na jiwe likatoka. Ugwe unaovutika hufanya jiwe litoke mapema au kwa kuchelewa, na shabaha ikapotea. Ugwe mzito huimaliza nguvu ya mkono kabla haijalifikia jiwe. Ugwe uliosokotwa tu, bila kusukwa, hujizungusha na kulegea unapovutwa na uzito. Kwa hiyo mafundi wengi wa kale waliona heri kusuka.

Kamba huoza, na makombeo ya kale yaliyosalia ni machache. Misri, nchi kavu, imetuhifadhia baadhi. Howard Carter alipoligundua kaburi la mfalme Tutankhamun mwaka 1922, miongoni mwa vitu vilivyokuwamo ni makombeo ya kitani yaliyosukwa kwa ustadi, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,300. Kitani kilifaa kwa sababu hakivutiki sana, na kikilowa maji huzidi kuwa imara. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, naye alitaja kitani na nywele za wanyama kuwa ndizo bora kwa kombeo.

Katika visiwa vya Balearic, karibu na pwani ya Hispania, mwanajiografia Strabo anatueleza kwamba kila mpiganaji alikuwa na makombeo matatu: refu la masafa marefu, fupi la karibu, na la wastani. Yalitengenezwa kwa nyasi za mabwawani, kwa nywele, au kwa kano za wanyama. Warumi walipokwenda kuviteka visiwa hivyo mwaka 123 kabla ya Kristo, walitandika ngozi juu ya merikebu zao ili kujikinga na mawe.

Lakini siku ambayo kamba iliokoa jeshi zima ilikuwa mwaka 401 kabla ya Kristo. Askari wa Kigiriki wapatao 10,000 walikuwa wamekwama ndani ya milki ya Uajemi, wakirudi kwao kwa miguu, huku maadui wakiwashambulia kwa mishale na makombeo kutoka mbali. Xenophon alikumbuka kwamba jeshini walikuwamo watu wa kisiwa cha Rhodes, waliojua kurusha vipande vya risasi, yaani madini yale mazito, mbali kuliko mawe ya Waajemi yaliyojaa kiganja. Akashauri kila mwenye kombeo alipwe fedha kwa kombeo lake, na atakayekubali kusuka jingine alipwe pia. Usiku uleule wakapatikana wapiganaji 200. Waajemi waliporudi, walilazimika kukaa mbali.

Ng'ambo ya bahari, katika milima ya Andes, kombeo huitwa warak'a kwa lugha ya Kikechua. Halihusiani na waraka wetu wa kuandika. Huko kitani hakikuwako. Watu walitumia sufu ya llama na alpaca, ambayo huvutika zaidi, lakini wakaisuka kwa kuibana sana ili kupunguza kasoro hiyo. Mwaka 1536, jeshi la Manco Inca lilipouzingira mji wa Cusco uliokuwa mikononi mwa Wahispania, mawe yaliyopashwa moto na kuviringishwa kwa pamba yalirushwa kwa makombeo na kuteketeza mapaa ya nyasi.

Msikilizaji uliyeko London, katika jumba la makumbusho la British Museum kumehifadhiwa risasi ya kombeo ya Kigiriki iliyoandikwa neno moja la kumdhihaki adui: "Pokea!" Risasi hiyo ipo hadi leo, lakini ugwe ulioirusha ulikwisha kuoza zamani, wala hatumjui aliyeusuka. Hata kamba za nailoni za siku hizi, pamoja na uimara wake, huvutika kuliko kitani cha Misri. Fundi wa kale hakuuliza tu kamba ipi haikatiki. Aliuliza pia ipi itatii mkono.